Maisha ya Allidina Visram, Mwenye Maduka

Katika masomo yetu ya historia twasoma sana habari za wafalme, wamisionari na majemadari. Habari za mwenye duka hazisomwi. Walakini huku kwetu Aroi, kama mahali pengine pote pa Uganda, chumvi, nguo na jembe viligeuza maisha ya watu kupita bunduki nyingi. Kwa hiyo nimeona vema niandike maisha ya Allidina Visram, tajiri mkubwa wa zamani za reli, ili tupime faida na hasara ya kazi yake.

Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Kutch ni nchi kavu yenye mvua chache, na vijana wake wengi walikuwa wakivuka bahari kutafuta riziki. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12 tu, naye akapanda jahazi akaja pwani ya Afrika Mashariki. Hakuwa na mali. Huko Bagamoyo akaingia kazini kwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyepeleka misafara bara na kuwapatia wasafiri wapagazi. Hapo akajifunza kupima nta na pembe za ndovu, na kuandika daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Zaidi ya yote akajifunza desturi ya mali kauli.

Yafaa nieleze desturi hii. Tajiri wa pwani humpa mchuuzi mdogo majora ya nguo bila kupokea fedha taslimu. Mchuuzi huenda bara, huuza nguo, hununua pembe, kisha hurudi kulipa deni lake na kubakiwa na faida kidogo. Dhamana yake ni jina lake na jamaa zake. Asiye na jamaa wa kumdhamini hapewi kitu, hata awe mwaminifu namna gani. Tafadhali msomaji, lishike neno hili, maana ndilo mzizi wa habari zote zinazofuata.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897, naye Visram akashika sehemu kubwa ya biashara ya misafara. Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kuanza kujengwa kutoka Mombasa, tangu mwaka 1896. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla kazi haijaisha. Visram akaona mbali. Reli ilipokuwa ikisogea, naye akafungua maduka njiani kuwauzia watu chakula na vitu vingine. Hakungoja gari la moshi lifike. Mwaka 1898 alikuwa na duka Kampala, na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Baadaye maduka yake yakaenea Jinja, Entebbe, na hata Nimule na Gondokoro kwenye mto Nile, karibu na nchi yetu.

Kwa nini reli ilimtajirisha hivi? Zamani mpagazi alibeba kichwani mzigo wa ratili 60 hivi, akatembea yapata miezi mitatu kutoka pwani hata Uganda. Ujira wake na chakula chake viliongezwa katika bei ya nguo. Kwa sababu hiyo kutoka bara hakikuweza kupelekwa ila kitu chepesi chenye thamani kubwa, kama pembe. Gari la moshi liliposhusha gharama, ngozi, ufuta na pamba navyo vikaweza kusafirishwa kwa faida. Wenye maduka wakanunua mazao kwa mkono mmoja, wakauza nguo kwa mkono mwingine. Visram mwenyewe akajenga na viwanda vya kuchambulia pamba, akawa na mashamba, na watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Tena kulikuwa na kodi. Tangu Mapatano ya mwaka 1900, kila nyumba katika Buganda ilitozwa rupia 3. Mkulima aliyezoea kubadilishana ndizi kwa samaki sasa alilazimika kutafuta rupia. Akalima pamba, akaiuza, akalipa kodi, na kilichobaki akakirudisha dukani kununua kitambaa na chumvi. Alikuwa muuzaji wa pamba, lakini mwenye mizani ndiye aliyetaja bei. Alikuwa mnunuzi wa nguo, na bei hiyo pia ilitajwa na mwenye duka.

Visram alifariki mwaka 1916, baada ya kushikwa na homa katika safari ya biashara ya Kongo. Mwanawe alimkumbuka kwa kujenga Mombasa shule yenye jina la baba yake, ambayo ingali ipo. Lakini biashara yenyewe ilififia katika miaka ya 1920.

Ngazi aliyoiacha haikufifia. Mzungu alishika serikali na benki, Mhindi alishika duka na kiwanda cha pamba, Mwafrika alishika jembe. Waganda walifanya ghasia mwaka 1945 na mwaka 1949, na mojawapo ya madai yao lilikuwa ruhusa ya kuchambua pamba yao wenyewe. Vyama vya ushirika vilipata njia ya kumiliki viwanda hivyo kuanzia mwaka 1952. Sisi wa West Nile, ambao wilaya yetu iliingizwa Uganda mwaka 1914, tulikuwa chini zaidi ya ngazi. Vijana wetu waliondoka kwa maelfu kwenda kukata miwa Lugazi na Kakira. Babu yangu naye alikwenda kusini kukata miwa, akarudi na blanketi, baiskeli na mgongo mbovu.

Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko, aliwapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda. Maduka yakagawiwa askari na rafiki za serikali. Muda si muda chumvi, sukari na sabuni zikaadimika, na magendo yakatawala. Funguo za duka zilichukuliwa kwa siku moja. Daftari, muamana na desturi ya mali kauli havikuchukulika hivyo. Wenye mali wengi walirudishiwa majengo yao katika miaka ya 1990.

Basi nasemaje juu ya Visram? Nasema alikuwa hodari, maana mtoto maskini wa miaka 12 kufika alikofika si jambo dogo. Lakini hakupanda peke yake, alishikwa mkono. Watu wa kwetu hawakukosa bidii, walikosa mtu wa kuwakopesha jora la kwanza. Hata leo, siku ya soko, namwona mama aliyelima mihogo akingoja mwenye lori ataje bei.

Kwa hiyo nina ombi kwenu, ndugu zetu mliomaliza shule, mlio na maduka Arua na Koboko. Kila mmoja wenu amtafute kijana mwaminifu asiye na jamaa wa kumdhamini, ampe mali kauli kidogo, chumvi au sabuni, na amfundishe kuandika daftari. Akilipa, aongezewe. Nasi tungali madarasani, tusilidharau somo la hesabu.