Joseph Kasa-Vubu: kutoka chama cha lugha hadi kiti cha komini

Shuleni tunamkumbuka Joseph Kasa-Vubu kwa mambo mawili: alikuwa rais wa kwanza wa Kongo, na tarehe 5 Septemba 1960 alimwachisha kazi Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Kwa wengi huku Kivu, jambo la pili limefunika mengine yote. Katika makala haya ninataka kumtazama kupitia kazi ndogo zaidi kati ya zile zilizompa sifa, yaani ubugumestre wa komini ya Dendale mjini Leopoldville mwaka 1958. Naona kwamba swali lililomfuata maisha yake yote lilianzia hapo: mtu aliyepewa kiti, lakini mfuko wa mji na amri ya polisi viko mikononi mwa wengine, anatawala nini? Tena alifika kwenye kiti hicho kupitia chama cha kutetea lugha, na kwa hiyo habari zake zinatuhusu sisi tunaosoma lugha za Kiafrika.

Kasa-Vubu alizaliwa mnamo 1915 katika kijiji cha Kuma-Dizi, eneo la Tshela, kwenye msitu wa Mayombe karibu na mdomo wa mto Kongo. Wamisionari wa Kikatoliki walimpeleka seminari ndogo ya Mbata-Kiela, kisha seminari kuu ya Kabwe huko Kasai, alikosoma falsafa. Mwaka 1939 aliacha njia ya upadri. Alifundisha kwa muda, na mnamo 1942 akaajiriwa kuwa karani katika idara ya fedha ya serikali ya kikoloni mjini Leopoldville. Alidumu huko miaka mingi na kupanda hadi ngazi ya juu ambayo karani Mwafrika aliruhusiwa kuifikia. Wanaomwandika kama mwanasiasa huipita haraka kazi hii. Mimi naiona kuwa muhimu, kwa sababu bugumestre huyu wa baadaye alikuwa ameshazizoea hesabu za serikali. Alijua fedha zinaingia wapi na nani anatia sahihi ili zitoke.

Mwaka 1946 alitoa mhadhara mbele ya chama cha wasomi kilichoitwa UNISCO, kuhusu haki ya mkaaji wa kwanza wa ardhi. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ya Kongo ni ya wale waliotangulia kuikalia. Aliwaza zaidi Bakongo wenzake, na udhaifu huu wa kuanza na kabila lake ulibaki naye hadi mwisho. Hata hivyo, hoja yenyewe iliwagusa Wabelgiji pabaya.

Mwaka 1950 Edmond Nzeza-Nlandu alianzisha ABAKO. Jina lake kamili lilieleza kazi yake: kuihifadhi, kuiunganisha na kuieneza lugha ya Kikongo. Wakati huo Lingala, lugha ya jeshi la Force Publique, ilikuwa imeenea sana Leopoldville, na Bakongo waliona lugha yao ikisukumwa pembeni katika mji uliojengwa kwenye ardhi yao. Machi 1954 Kasa-Vubu alichaguliwa kuwa rais wa chama. Chini yake, madai ya lugha yalizaa madai mengine. Agosti 1956, baada ya kundi la Conscience Africaine kutoa tamko lililokubali safari ya polepole kuelekea uhuru, ABAKO ilijibu kwa tamko lake na kukataa kungoja miaka thelathini. Chama kilichoanzishwa kwa ajili ya sarufi na msamiati kilikuwa sasa kinadai haki za kisiasa papo hapo.

Serikali ya Ubelgiji ilijaribu kupunguza joto hilo kwa kufungua mlango mdogo. Dekrii ya tarehe 26 Machi 1957 iliigawa miji mikubwa kuwa komini, kila moja na baraza lake na bugumestre wake. Desemba mwaka huo wanaume wenye umri wa miaka 25 na zaidi walipiga kura Leopoldville, Elisabethville na Jadotville. Mwaka uliofuata zamu ilifika kwa miji mingine, ukiwemo Bukavu. Leopoldville, ABAKO ilishinda viti vingi kati ya vile vya Waafrika, na Kasa-Vubu akawa bugumestre wa Dendale.

Neno bugumestre lilitufikia kupitia Kifaransa cha Ubelgiji, nacho kililitoa katika Kiholanzi. Kwao Ubelgiji, mwenye cheo hicho ndiye mkuu wa polisi wa komini yake. Sisi tulipewa jina la cheo, nguvu yake ikabaki huko. Juu ya mabugumestre wa Leopoldville alikaa bugumestre wa kwanza wa mji, Mbelgiji Jean Tordeur, aliyeteuliwa na serikali. Maamuzi ya mabaraza, pamoja na bajeti, yalihitaji kibali cha wakubwa. Kazi kubwa za ujenzi zilikuwa na wenyewe pia. Nyumba za Waafrika, kwa mfano, zilijengwa na ofisi ya kikoloni iliyoundwa mwaka 1952 na kuitwa OCA. Ndiyo iliyojenga Bagira yetu mjini Bukavu. Baraza la komini lingeweza kujadili mtaro na barabara hadi usiku, lakini wenye fedha walikaa kwingine. Na haya yote yalitokea wakati uchumi ulikuwa umeyumba na vijana wengi wa Leopoldville walikuwa hawana kazi.

Tarehe 20 Aprili 1958, siku ya kushika cheo, Kasa-Vubu alitoa hotuba. Watawala walitarajia shukrani. Yeye alieleza kwamba demokrasia haijaanza maadamu maofisa wanaendelea kuteuliwa badala ya kuchaguliwa. Kisha akahesabu mapengo: katika polisi hakuna kamishna hata mmoja Mkongomani, katika Force Publique hakuna ofisa Mkongomani, na uongozi wa huduma za afya na elimu uko vilevile. Akadai uchaguzi mkuu na serikali ya ndani ya Wakongomani wenyewe. Serikali ilimpa karipio rasmi, nalo likamjenga jina kuliko sifa yoyote.

Ninaposoma habari za hotuba hiyo, naona akili ya karani wa fedha. Hakuishia kwenye neno uhuru. Alipita idara moja baada ya nyingine akitafuta nani ameikalia, kama mtu anayekagua daftari la hesabu.

Miezi minane baadaye pengo la polisi lilionekana kwa damu. Jumapili tarehe 4 Januari 1959, ABAKO ilikuwa imeitisha mkutano kwenye jengo la YMCA. Wakuu wa mji hawakuutolea ruhusa. Kiongozi wa komini nzima hakuwa na uwezo wa kuruhusu mkutano wa chama chake mwenyewe. Kasa-Vubu aliwasihi watu warudi nyumbani, lakini umati ulikuwa umeshapanda hasira, na ghasia zikaenea katika mitaa ya Waafrika. Askari walifyatua risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, waliokufa walizidi 40. ABAKO ilivunjwa na Kasa-Vubu akatiwa gerezani. Tarehe 13 Januari Mfalme Baudouin akatangaza kwamba Kongo itapata uhuru. Kasa-Vubu aliachiliwa mwezi Machi, akapelekwa Ubelgiji, akarudi Mei.

Juni 1960 mabunge mawili yalimchagua kuwa rais. Siku tano baada ya uhuru, askari wa Force Publique waliasi. Jeshi hilo la watu wapatao 25,000 lilikuwa bado chini ya maofisa Wabelgiji, naye Jenerali Janssens alikuwa amewaambia askari wasitarajie mabadiliko. Pengo lililotajwa Dendale miaka miwili kabla ndilo lililoitikisa nchi. Rais na Waziri Mkuu walizunguka pamoja kuwatuliza askari, vyeo vikagawiwa kwa haraka, na Joseph-Désiré Mobutu akawekwa kuwa mkuu wa wafanyakazi wa jeshi.

Hapa sitamtetea Kasa-Vubu. Alipogombana na Lumumba, Mobutu alilitumia jeshi kuingilia kati, na rais alikubali kubaki kitini chini ya kivuli cha bunduki ambazo hakuziamuru. Lumumba aliuawa Januari 1961. Mtu aliyelaumu utawala wa kuteuliwa aliwahi kusimamia serikali ya makamishna ambao hakuna aliyewapigia kura. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu huyohuyo alimwondoa, naye akarudi kwao bila kupigana. Alifariki Boma tarehe 24 Machi 1969. Leo komini ya Dendale inaitwa Kasa-Vubu.

Swali lake halikuzikwa naye. Katiba ya 2006 inasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwao, na kila mwaka majimbo hulalamika kwamba haifiki. Polisi ni wa taifa. Bugumestre wa Ibanda, Kadutu au Bagira huwaomba askari, hawalipi mshahara. Desemba 2023 wakaaji wa komini za miji mikuu ya majimbo waliwachagua washauri wao wa komini. Sisi wa Katana tumo katika usheferi wa Kabare, hatuna baraza la mji, lakini mabishano tunayajua: barabara ikikatika kwa mvua, nani alipe, na je, salongo ya wananchi inatosha kuziba kazi ya serikali?

Jambo moja limebaki kwetu wa kitivo cha lugha. Rais wa chama cha Kikongo aliisoma hotuba ya Dendale kwa Kifaransa, kwa kuwa baraza lilifanya kazi kwa lugha hiyo. Hata leo bajeti za komini huandikwa kwa Kifaransa, na mama wa soko la Kadutu anayelipa kodi kila asubuhi hana namna ya kuzisoma. Kasa-Vubu alianza na lugha akaenda kwenye mfuko na polisi, na njiani lugha akaiacha nyuma. Nadhani kazi yetu ni kuirudisha: tutafute istilahi, tuitafsiri bajeti moja ya komini kwa Kiswahili na kwa Mashi, tuibandike pale watu wanapolipia. Mlipa kodi akishaweza kuisoma, ataweza kuuliza mtaro wake uko mstari wa ngapi.