Kanumba na Kicheko Chetu

Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012, siku moja kabla ya Pasaka, nilikuwa darasa la pili kwetu Mpanda. Mwenye kibanda umiza cha mtaani hakuonyesha mpira siku hiyo. Aliweka filamu za Steven Kanumba mpaka usiku, bure, na watu wazima wakalia mbele yetu watoto. Kanumba alikuwa amefariki Dar es Salaam usiku wa kuamkia siku hiyo, akiwa na miaka 28 tu.

Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, na kidato cha sita akamalizia Jitegemee, Dar es Salaam. Kuigiza alianzia kanisani. Mwaka 2002 akajiunga na Kaole Sanaa Group, na tamthilia za Jahazi na Dira zikamwingiza sebuleni kwa watu. Alipohamia kwenye filamu hakukubali kung'ang'ania uhusika mmoja. Kwenye Uncle JJ yuko na watoto, unacheka mpaka basi. Kwenye Devil Kingdom huna hamu ya kucheka.

Enzi hizo filamu za Nigeria ndizo zilizotamba mitaani kwetu. Yeye akaona kama wao wanakuja huku, na sisi twende kule. Mwaka 2006 akatoa Dar to Lagos, akicheza na Mercy Johnson.

Halafu ikaja 2009. Alialikwa kama mgeni kwenye jumba la Big Brother Africa, Afrika Kusini, na ung'eng'e wake ukawa kichekesho nchi nzima. Mtu mwingine angejifungia ndani. Kanumba aliendelea kuigiza na wageni, na ni baada ya hapo ndipo alipotoka na Ramsey Nouah kwenye hiyo Devil Kingdom. Alipozikwa makaburi ya Kinondoni, maelfu walijitokeza. Nadhani na waliomcheka walikuwemo.

Ninaandika haya kwa sababu na mimi nimo. Mwaka jana nilikuwa fildi kwenye sekondari moja hukohuko Mpanda. Binti wa kidato cha kwanza, aliyetokea upande wa Mishamo, alisimama kujibu swali kwa Kiingereza. Alichanganya maneno, darasa likaangua kicheko. Na mimi mwalimu nikacheka. Wiki zote zilizobaki hakunyoosha mkono tena.

Wanaualimu wenzangu, sisi wenyewe kwenye semina tunachekana hivyohivyo, kisha tunashangaa kwa nini ni walewale watano wanaoongea kila siku. Kanumba alikuwa na moyo wa kuvumilia kicheko cha nchi nzima. Mtoto wa miaka 14 hatuwezi kumdai moyo huo.

Fildi ya mwaka huu nimeomba shule ileile. Yeye sasa yuko kidato cha pili. Nikifika nitamwomba radhi, na nitafanya hivyo mbele ya wenzake walewale.