Anna Milder-Hauptmann, mwimbaji wa Vienna

Jina la Beethoven wengi wetu tumelisikia. Lakini mama aliyesimama wa kwanza mbele ya watu kuimba opera yake, yeye hatumujui. Basi mara hii tuongee juu yake.

Anna Milder alizaliwa tarehe 13 desemba 1785, si katika Austria bali Constantinople, mji unaoitwa leo Istanbul. Baba yake alikuwa akipeleka barua za balozi wa Austria kule. Kisha msichana alifika Vienna, akafundishwa kuimba na Neukomm, halafu na Salieri. Inasimuliwa kwamba mzee Haydn alipomusikia akashangaa, akasema sauti yake ni kubwa sawa nyumba. Wale wanaoimba soprano mu korali yetu wanajua kama sauti ya juu inachoka upesi. Yake ilikuwa ya juu na tena nzito. Hakuwa mutu wa kukimbiza noti mbiombio. Alizivuta ndefu, safi.

Mwaka 1803 alianza kazi katika Theater an der Wien, akiwa na miaka 17 tu. Mbele ya kutimiza miaka 20, alipewa kazi ya Leonore katika Fidelio ya Beethoven. Leonore ni bibi ya mufungwa. Anavaa nguo za mwanaume na kuomba kazi mu gereza apate kuokoa bwana yake. Siku ya kwanza ilikuwa tarehe 20 novemba 1805. Ole! Wiki moja tu mbele yake, askari wa Napoleon walikuwa wameingia Vienna. Matajiri wenye kupenda muziki walikuwa wamekimbia, na kati ya watu waliokuja kusikiliza wengi walikuwa Wafaransa wasiojua Kijerumani. Opera ilichezwa mara tatu, ikasimama.

Beethoven aliitengeneza tena mwaka 1806, na tena mwaka 1814. Mara zote tatu Leonore alikuwa ni Anna. Lakini walikuwa wakigombana sana juu ya wimbo wake mkubwa, kwani sehemu zingine zilipita nguvu za koo. Inasemekana mwaka 1814 alikataa kabisa kupanda jukwaani kama hazibadilishwe. Beethoven, mutu mukali namna ile, akabadilisha! Mimi naona mama alikuwa na haki: mwenye kuandika noti si yeye anayeziimba.

Napoleon mwenyewe alimusikia mwaka 1809 akataka aende Paris. Hakuenda. Mwaka 1810 aliolewa na sonara, bwana Hauptmann.

Tangu 1816 aliimba Berlin katika opera ya mfalme, zaidi kazi za Gluck. Pale watu walimupenda mno, lakini na Spontini, mkubwa wa muziki, hawakupatana, na mwaka 1829 kazi yake katika opera ile ikaisha. Mwaka uleule, tarehe 11 machi, alikuwa amefanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kupita yote. Mendelssohn, kijana wa miaka 20, alisimamia kuimbwa kwa Mateso ya Yesu kufuatana na Matayo, kazi ya Bach. Tangu Bach afe mwaka 1750, watu walikuwa karibu kuisahau. Anna aliimba soprano.

Tena kuna Schubert. Anna alikuwa amemuandikia barua akimuomba nyimbo. Mwaka 1828 Schubert akamutungia wimbo wa mchungaji juu ya mwamba, wa sauti, piano na klarineti. Tarehe 19 novemba mwaka ule Schubert akafa, angali na miaka 31. Hakusikia Anna akiuimba. Aliuimba mu Riga, mwaka 1830.

Aliimba Vienna mara ya mwisho mwaka 1836, akafa Berlin tarehe 29 mei 1838. Mashine ya kushika sauti ilikuja karibu miaka 40 nyuma yake.