Andrew Foster, Mwalimu wa Viziwi

Mtoto achungaye ng'ombe katika nchi ya Ugogo husikia kengele zao kabla hajawaona. Andrew Foster naye, aliyezaliwa Marekani mwaka 1925, mwana wa mchimba makaa ya mawe, alikuwa na masikio mazima. Alipokuwa na miaka 11, homa ya uti wa mgongo ilimshika yeye na nduguye. Wote wawili walipona, lakini homa ilikuwa imeharibu sehemu za ndani za masikio yao, wasiweze kusikia tena.

Hata hivyo akili yake haikuguswa. Alijifunza kunena kwa ishara za mikono, akasoma kwa bidii, akahitimu katika chuo cha Gallaudet mwaka 1954.

Mwaka 1957 alifika Ghana. Akaambiwa ya kuwa huko hakuna watoto viziwi. Akawatafuta, akawakuta wengi, wengine wamefichwa nyumbani kwa kudhaniwa hawana akili. Akawafungulia shule. Hata alipokufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda, mwaka 1987, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika Afrika.

Basi, ukimwita mwenzako naye asiitike, usimwite mjinga. Huenda masikio yameharibika, na akili i nzima.