Mwenye Heri Hermann na Waliombeba

Vijana wenzangu, leo nawaletea Mwenye Heri Hermann wa Reichenau, kule Ujerumani. Alizaliwa 1013, na akiwa na miaka 7 tu wazazi wakamkabidhi kwenye masomo.

Mwili ulimgomea kabisa. Hakuweza kutembea, wala kujigeuza bila kushikwa. Vidole dhaifu, ulimi mzito, maneno yakitoka kwa shida. Baadhi ya madaktari wa siku hizi waliosoma habari zake wanadhani ulikuwa ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, au mwingine wa jamii hiyo: neva zinakufa, misuli inakosa amri, inasinyaa. Akili mara nyingi inabaki nzima. Hadi leo hauna dawa ya kuumaliza. Mgonjwa husaidiwa kumeza, kupumua na kuwasiliana.

Na huyu, akiwa mmonaki Mbenedikto, akaandika historia ya dunia tangu kuzaliwa Kristo! Tena akaandika juu ya muziki na nyota. Wengine humtaja hata kama mtunzi wa Salamu Malkia, ingawa wataalamu wanabishana.

Mimi lakini sipendi asimuliwe kana kwamba alikuwa peke yake. Kuna mtu alimbeba, akamweka kitini. Kuna waliotega sikio mpaka wakamwelewa, wakawa wanafunzi wake. Kama nyumbani kwenu yupo mgonjwa wa hivi, watazameni hao pia. Mmoja wao, Berthold, ndiye aliyeandika maisha yake. Hermann alipofariki, tarehe 24 Septemba 1054, Berthold akaiendeleza ile historia pale mwalimu alipoishia.