Profesa Braun, Mwalimu Aliyeipa Redio Sikio

Ingia darasa lolote hapa shuleni uulize ni nani aliyevumbua redio. Mikono itainuliwa na jibu litakuwa moja tu: Marconi. Jibu hilo si uongo, lakini ni nusu ya habari. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka wa 1909, iliyohusu kupeleka habari bila waya, walipewa watu wawili. Wa pili alikuwa Profesa Karl Ferdinand Braun wa Ujerumani. Huyu ndiye ningependa mumjue, kwa sababu kabla ya kuwa profesa alikuwa mwalimu wa shule kama hawa wetu.

Braun alizaliwa tarehe 6 Juni 1850 katika mji wa Fulda. Baba yake alikuwa karani wa mahakama. Kijana huyu alisoma katika chuo kikuu cha Marburg na kile cha Berlin, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1872. Lakini wapi! Shahada haijazi tumbo. Ili apate riziki, alifanya mtihani wa ualimu, na mwaka wa 1874 akaenda kufundisha katika shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig. Wazee wa Kitui si wageni wa jina hilo. Leipzig ndiko kulikokuwa na makao ya misheni ya Kilutheri iliyofanya kazi Ikutha na Mulango kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka huo huo wa 1874 Braun aliona jambo la ajabu. Alipogusisha ncha ya waya kwenye jiwe la galena, ambalo lina madini ya risasi, umeme ulipita vizuri upande mmoja, lakini ukigeuzwa ulikataa. Ilikuwa kama mlango unaofunguka kwa ndani tu. Aliandika habari hiyo ikachapishwa, lakini wengi hawakuitilia maanani. Hata yeye mwenyewe hakuwa na kazi ya kuipa. Akaendelea kufundisha, na mwaka wa 1876 akawatolea vijana kitabu cha hisabati na sayansi.

Baadaye aliitwa vyuoni: Marburg, Strasbourg, Karlsruhe na Tübingen. Mwaka wa 1885 alimwoa Amélie Bühler, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka wa 1895 alirudi Strasbourg, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani, akawa mkuu wa taasisi ya fizikia.

Huko ndiko mambo yalikochacha. Mwaka wa 1897 alitengeneza chupa ya kioo isiyo na hewa ambamo miale ya elektroni hugonga kioo chenye dawa ya kung'aa, ikachora umbo la umeme ukalitazama kwa macho. Wenzetu wa kidato cha nne huisoma chupa hiyo katika fizikia. Televisheni zote za zamani, zile zenye kisogo kikubwa, zilikuwa na chupa ya aina hiyo. Braun hakuitafutia hataza ili alipwe na kila anayeitumia. Aliiachia dunia nzima bure.

Mwaka uliofuata, 1898, aligeukia redio. Mitambo ya Marconi wakati huo haikufika mbali kwa sababu cheche ziliunganishwa moja kwa moja na waya wa eriali. Braun alizitenga cheche katika mzunguko wake, kisha akaupitishia eriali nguvu kwa koili, kwa mpigo unaolingana. Ni sawa na kusukuma bembea: ukiisukuma kwa wakati wake, hupaa juu bila wewe kuchoka. Mwezi Septemba 1900 mawimbi yake yalivuka bahari kutoka Cuxhaven hadi kisiwa cha Heligoland, kilomita 62. Pima kwenye ramani, msomaji. Huo ni karibu mstari ulionyooka kutoka Wote hadi mjini Kitui!

Na lile jiwe la 1874 je? Kumbe siku yake ilikuwa inakuja. Baada ya miaka zaidi ya 25 Braun alilichukua tena akalifanya sikio la kunasia mawimbi. Redio nyingi za kwanza za watu wa kawaida zilitumia jiwe hilo, hata betri hazikuhitaji. Siku hizi kila redio na kila chaja ya simu ina diodi inayofanya kazi ile ile ya mlango wa upande mmoja.

Uvumbuzi wake uliingia katika kampuni ya Telefunken iliyoanzishwa mwaka wa 1903. Kabla ya vita Wajerumani walikuwa na vituo vya redio Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam. Kile cha Dar es Salaam kilipigwa mizinga na manowari ya Uingereza tarehe 8 Agosti 1914. Katika vita hivyo babu zetu wengi wa Ukambani walichukuliwa kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi.

Vita havikumwacha Braun pia. Desemba 1914 alisafiri hadi Marekani, akiwa mgonjwa, kutoa ushahidi katika kesi ya hataza za redio. Njia ya kurudi ikazibwa. Mtu aliyewawezesha wengine kuzungumza kuvuka bahari akashindwa kuvuka yeye mwenyewe kwenda kwao. Alifariki Brooklyn, New York, tarehe 20 Aprili 1918, na majivu yake yakarudishwa Fulda baada ya vita.

Wenzangu, wengi wetu tukichagua masomo huikimbia fizikia, ati haina faida huku kwetu. Braun alikaa na jiwe lisilo na faida kwa miaka zaidi ya 25. Jioni ukifungua Musyi FM usikilize habari, mkumbuke mwalimu huyo wa Leipzig. Nanyi walimu wetu, endeleeni kutufungulia maabara. Huwezi kujua ni nani atakayeokota jiwe lake humo.