Mumtaz Mahal na Kitindamimba Wake

Taj Mahal, wapenzi wasomaji, wengi wetu tumeijua ukutani. Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, picha yake ilitundikwa sebuleni kando ya saa, nami tangu utotoni nikiitazama bila kuuliza ni kaburi la nani. Mwaka jana nalimpeleka umbu langu Delhi kutibiwa macho. Madaktari walipomruhusu tulibakiwa na siku mbili za kungojea ndege, tukapanda treni ya alfajiri hadi Agra. Ilikuwa Alhamisi, maana Ijumaa milango hufungwa kwa watalii na msikiti wa pale huachiwa wenye kuswali.

Lango kuu la mawe mekundu limezungushiwa Suratul Fajr. Ukilipita, bustani yote iko mbele yako, takriban mita 300 kila upande, imegawanywa mafungu manne kwa mifereji ya maji kwa kuigiza mito ya Peponi. Wafalme wa Kimoghuli walizoea kuweka kaburi katikati ya bustani. Hili limesogezwa mwisho kabisa, ukingoni mwa mto Yamuna, hata nyuma ya kuba huoni ila mbingu. Nyasi zile zilizokatwa vizuri si za asili. Ni mpango wa Waingereza. Zamani palikuwa na miti mingi ya matunda.

Aliyetutembeza alitusimulia habari za mfalme tu: Shah Jahan, marumaru yaliyoletwa kutoka Makrana, kazi iliyoanza 1632 ikachukua miaka kama ishirini. Akatuongezea kwamba mafundi walikatwa mikono, hadithi isiyo na ushahidi wowote. Kuhusu bibi mwenyewe hakuwa na neno ila uzuri wake.

Basi bibi huyo jina lake la kuzaliwa ni Arjumand Banu. Alizaliwa 1593 katika ukoo wa Kiajemi uliopata daraja kubwa Bara Hindi. Babake ni Asaf Khan, na shangaziye Nur Jahan alikuwa mke wa mfalme Jahangir. Aliposwa 1607 na mwana wa mfalme, Khurram, akangojezwa miaka mitano, na katika kungojea huko mchumba wake akaozwa mke mwingine. Nikahi yao ilifungwa 1612. Tangu hapo hakuachana naye, safarini wala vitani. Mume alipoasi babake mwaka 1622, bibi alizunguka naye nchi kwa nchi, Dekani hata Bengali, huku akizaa na kunyonyesha. Na sulhu ilipopatikana, sharti lilikuwa watoto wao wawili, Dara na Aurangzeb, wapelekwe kwa babu yao wawe rehani. Hayo aliyameza.

Khurram alitawala 1628 kwa jina la Shah Jahan, akamkabidhi mkewe muhuri wa dola. Umalkia wake haukufika miaka minne. Mwaka 1631 alimfuata mumewe tena vitani, akiwa na mimba ya kumi na nne katika miaka kumi na tisa ya ndoa. Huko Burhanpur uchungu ulimshika zaidi ya siku nzima. Mwezi 17 Dhulkaada 1040 alijifungua mtoto wa kike, akafariki. Katika watoto wake wote saba tu ndio waliokua. Alizikwa kwanza kando ya mto Tapti, na baada ya miezi sita mwili wake ukachukuliwa Agra.

Sisi tunajua mwanamke afaye kwa uzazi ana daraja gani mbele ya Mola wake. Mfalme naye alijua: kila mwaka alimfanyia hitima, akaweka wakfu mapato ya vijiji thelathini kwa kaburi lile. Najua pia kuwa wanachuoni wengi hukataza kujenga juu ya makaburi. Aurangzeb, mwanawe bibi huyu, alizikwa Khuldabad katika kaburi lisilo na paa.

Mamangu alifariki akimzaa umbu langu, nyumbani, mkunga akiwa pale pale. Nilikuwa na miaka sita. Umbu langu amekua akisikia wanawake wakinong'onezana juu ya kuzaliwa kwake kila penye arusi au matanga. Pale Agra alimwuliza mtembezaji kitu kimoja tu: yule mtoto wa mwisho alikuwaje? Yule bwana hakujua kama aliishi.

Mimi nalikuwa nimesoma. Nikamwambia kuwa aliitwa Gauhara, na aliishi mpaka 1706, miaka sabini na mitano. Alimwona babake akipinduliwa na Aurangzeb mwaka 1658 na kufungwa katika ngome ya Agra, akilitazama kuba la mkewe kwa mbali hadi kufa kwake 1666. Ndipo walipomlaza ubavuni mwa mkewe. Bibi yuko katikati sawasawa; kaburi la mfalme limebanwa upande mmoja, na ndilo pekee lililovunja ulinganifu wa jumba zima.

Umbu langu aliketi karibu na birika la katikati ya bustani, akamsomea Fatiha bibi yule, kisha mametu. Akataka nimtajie tena jina la yule mtoto. Nikamtajia, tukaondoka mbio kuwahi treni.